Mguu wa Shangazi Yako

Zahanati ya Mabwerebwere,
alasiri, kesho unasafiri

Mwanangu Tabitha,

Ni kichekesho baba kumwandikia barua mtoto atakayelala naye nyumba moja leo. Ningeweza kukuita nyuma ya jiko nikakwambia kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili wiki hii. Mara ya kwanza nilikukuta unaosha vyombo, nikakuuliza kama kuni zimebaki. Mara ya pili nikakwambia Mwanza kuna baridi ya asubuhi, jambo ambalo hata silijui, maana sijafika Mwanza. Basi wagonjwa walipokwisha nimebaki hapa zahanati, nimeketi kwenye benchi lao, naandika.

Mambo ya blanketi, sabuni na namna ya kuishi na wenzako bwenini mama yako amekwisha kukwambia, na kwa jinsi ninavyomjua atayarudia kesho mpaka treni ianze kusogea. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja lililonikaa kifuani miaka tisa, na Jumapili iliyopita nimeamriwa nikwambie kabla hujaondoka.

Naanzia Alhamisi, siku ilipofika barua ya tatu ya chuo cha matibabu cha Mwanza. Ya kwanza ilitaka kidato cha nne na Biolojia, ukawa navyo. Ya pili ikataka barua ya tawi la chama na saini ya mjumbe wa nyumba kumi, tukazunguka juani siku mbili mpaka tukazipata. Hii ya tatu ikasema kwamba mkishafika mtapewa mtihani mwingine wa kuwachuja, na watakaoshindwa watapangiwa kazi nyingine. Uliisoma umesimama mlangoni, ukaitupa mkekani.

"Baba, wewe umekaa na watu hawa maisha yako yote. Watabadilisha mara ngapi?"

Nikakujibu, "Wewe soma tu, mwanangu."

Ndipo ukasema, si kwa ubaya, ulikuwa umechoka tu: "Ndiyo maana wewe hukufanya mtihani?"

Nikatoka nje kwenda kutazama baiskeli ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Nilitaka kuufanya, Tabitha. Hilo ulijue kwanza.

Kazi yangu ya kutibu miguu niliianzia kwetu milimani, katika hospitali ndogo ya misheni, nikiwa kijana wa darasa la nne. Daktari wa pale alikuwa Mzungu mzee ambaye macho yalianza kumtupa, na alinichagua mimi kwa sababu macho yangu yalikuwa mazima. Yeye alisema, mimi nikashika. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wakoma, watu ambao miguu yao haisikii maumivu. Mtu aliweza kutembea na msumari kisiginoni wiki nzima asijue. Alinifundisha kukinusa kidonda kabla ya kukitazama. Alinifundisha kubonyeza pembeni nione usaha umejificha wapi, na kukata nyama iliyokufa mpaka ifike mahali inapotoa damu nyekundu, maana hapo ndipo uhai ulipo. "Ukisimama kabla ya damu," alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "umemdanganya mgonjwa."

Baadaye nikaenda kwenye shamba la mkonge, ambako watu walifanya kazi pekupeku na miiba ikawaingia hadi mfupani. Kisha Uhuru ukaja, nikapelekwa zahanati ya Mikumi. Huko ndiko ulikokulia wewe. Utakumbuka malori ya miwa yaliyokuwa yakipanda kutoka Kidodi, yakisimama mbele ya zahanati na kumshusha mkata miwa aliyejikata kwa panga, mguu umefungwa kwa shati. Watu waliacha kuniita dresa, yaani mfunga vidonda, wakaniita Bwana Miguu. Nilipenda jina hilo. Leo nakwambia wazi, nililipenda kupita kiasi.

Lakini jina si cheti. Kulikuwa na mtihani wa bodi kwa watu kama sisi, ambao ukiufaulu uliruhusiwa kupasua mambo madogo bila kusimamiwa na daktari: majipu, vidonda, vidole, mifupa midogo ya mguu. Nilipoanza kuuwania, walitaka mtu awe na darasa la nne na miaka mitano ya kazi. Mwaka nilipotimiza mitano ukaja waraka: sasa ni darasa la nane.

Sikukata tamaa. Nilisoma usiku na kupanda treni hadi Kilosa kufanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto wa shule, magoti yangu hayaingii chini ya dawati. Mmoja wao aligeuka akaniamkia, "Shikamoo, Bwana Miguu. Umekuja kutusimamia?" Niliitikia marahaba, nikainamisha kichwa. Mwaka huo nilishindwa hesabu. Mwaka uliofuata nikafaulu.

Nilipopeleka karatasi yangu, nikaambiwa kumeongezwa somo la Kiingereza. Hapo labda una kumbukumbu zako mwenyewe. Kila jioni mwalimu mmoja wa Mikumi alikuja nyumbani, nami nikitamka majina ya mifupa ya mguu kwa Kiingereza, na wewe, mtoto wa miaka minane, ukiyaimba huku unaruka kamba uani. Ulikuwa unayajua yote ishirini na sita. Mimi nilikuwa nasahau manne.

Nikaenda Morogoro kufanya mtihani huo nikiwa na mwenzangu Saidi, dresa wa Ulaya, kile kijiji cha bondeni, yule mwenye kicheko kirefu. Tulipofika tukaambiwa majina yetu hayapo, kwa sababu zahanati zetu hazina daktari wa kututolea ushahidi kwamba tunajua kazi. Tungejuaje? Hilo halikuwa limeandikwa popote. Tukarudi siku ileile.

Sasa sikia nilichofanya. Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa amepika pilau. Amevaa kanga mpya, majirani wawili wameketi ukumbini. Akaniuliza, "Baba Tabitha, mambo yamekwenda?" Nikasema, "Yamekwenda." Nikanawa, nikala. Miezi minne aliwaambia watu kwamba tunasubiri matokeo, na kila aliponiuliza nilisema yamechelewa. Alikuja kuupata ukweli kisimani, kwa mke wa Saidi aliyekuwa amekuja Mikumi kutembea. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ule wali ulikula kwa moyo gani?"

Nakwambia hili ili uone jinsi mtu anavyofika mahali. Mimi sikuamka siku moja nikawa mtu wa kufanya nitakalokusimulia sasa. Nilikwenda hatua kwa hatua, na kila hatua ilionekana ndogo.

Mwaka uliofuata bodi ikatoa orodha mpya, na safari hii jina langu lilikuwemo, la kumi na moja. Mkaguzi aliniletea karatasi yeye mwenyewe, akanisomea masharti. Toka siku ya kutia saini mpaka siku ya mtihani, mtahiniwa asishike kisu kwa mgonjwa yeyote. Atakayejulikana amepasua, jina lake litafutwa na halitarudi tena. Sababu yao haikuwa ya kipuuzi. Mahali fulani dresa alikuwa amemkata mtu mshipa na mtu yule akafa. Nilimuuliza mkaguzi, "Akija mtu ambaye hawezi kusubiri?"

"Mpeleke hospitali."

"Njia ikiwa mbaya?"

Akatazama nje, anga lilikuwa jeupe kabisa. "Ndugu Mika," akasema, "unataka cheti au hutaki?"

Nikatia saini.

Ilibaki miezi mitatu. Masika ikaingia, na masika ya mwaka ule hujaisahau, maana ndipo mto ulipobeba mbuzi wetu. Maji yalikata reli kati yetu na Kilosa, na tambarare ya Mkata ikageuka ziwa. Lami ilikuwa bado, na malori ya kwenda Morogoro yalilala foleni matopeni. Wakati huohuo ndipo alipoletwa shangazi yako Damari.

Wewe unamjua Shangazi Damari wa magongo. Mimi namjua Damari aliyenibeba mgongoni. Ni dada yangu, amenipita miaka sita, na ndiye aliyeacha shule ya misheni ili mimi niendelee, kwa sababu nyumbani ilibidi mmoja abaki na mama yetu mgonjwa. Akaolewa Ulaya, kwa watu wa bondeni, akawa mkulima ambaye wanaume walimwogopa kwa jembe. Jembe hilohilo lilimteleza siku moja kwenye mpunga likampiga juu ya vidole vya mguu wa kulia. Akafunga majani, akaendelea kulima. Kidonda kikajifunga juu, ndani kikachimba. Alipoletwa Mikumi, mkwe wake alikuwa amemsukuma kwenye baiskeli siku nzima katika tope.

Niliufungua mguu, nikaunusa. Nikabonyeza pembeni. Tabitha, nilijua kila kitu palepale. Usaha ulikuwa umeshuka chini ya mifupa miwili midogo, na mfupa mmoja umekwisha kufa. Ilitakiwa kupasua kwa urefu wa kidole, kutoa mfupa ule, kusafisha na kuacha wazi. Dawa ya ganzi nilikuwa nayo. Kazi ya nusu saa. Nilikuwa nimeifanya kwa watu ambao hata majina yao siyajui.

Nikampiga sindano ya penisilini. Nikaukanda mguu kwa maji ya chumvi. Nikasema, "Dada, tutasubiri njia ifunguke."

Akanitazama. "Pasua, Mika."

"Siruhusiwi."

"Na nani?"

Nikamweleza habari ya orodha. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Mtihani lini?" Nikamwambia. Akageukia ukuta, akasema, "Basi tusubiri."

Alilala kwetu, katika chumba chako, nawe ukahamia chumbani kwetu. Siku ya pili homa ikapanda. Siku ya tatu rangi ya vidole ikaanza kubadilika. Mama yako alinifuata uani, akanishika mkono, na kumbuka mama yako si mtu wa kunishika mkono mchana mbele ya watu.

"Baba Tabitha, wewe si ndiye Bwana Miguu? Yule ni dada yako."

"Kuna watu hapa zahanati. Wataona. Habari zitafika."

"Zifike."

"Miaka saba, Mama Tabitha! Miaka saba nawafuata! Safari hii jina lipo!"

Nilipiga kelele. Wewe ulitoka mlangoni, nikakufokea urudi ndani. Ulikuwa na miaka kumi. Sijui kama unakumbuka.

Nitakwambia jambo baya kuliko woga, maana woga mtu anaweza kuuhurumia. Ndani yangu kulikuwa pia na hasira iliyotaka kuona. Nilikuwa nasema moyoni: waliniambia sijui kazi, basi na waje wao wenye vyeti wapasue. Nilitaka mtu, popote alipo, aone kwamba bila mimi mambo yanaharibika. Mguu wa dada yangu ndio niliotaka wauone.

Siku ya nne jioni lori moja lilipenya kutoka Iringa. Tulimpandisha juu ya magunia ya viazi, nami nikapanda naye. Weusi ulikuwa umepita kifundo. Huko Morogoro waliukata chini ya goti, na daktari aliyemkata aliandika katika karatasi yake kwamba mgonjwa amechelewa kufika. Katika ukoo wetu likabaki neno hilo: reli ilikatika, Damari akachelewa. Wewe umekua ukilisikia. Hata juzi ulimwambia rafiki yako hapa mlangoni, "Shangazi yangu alipoteza mguu kwa sababu ya reli." Nilikuwa ndani, nikasikia.

Haikuwa reli, mwanangu.

Sasa ule mtihani. Siku yake ilipofika nilikwenda Morogoro, na Saidi pia. Tulikuwa watu kumi na wanane kwenye veranda, tumevaa mashati meupe, kila mmoja na kalamu mbili. Tukakaa mpaka jua likawa kichwani. Akatoka karani kijana, na karatasi mkononi, akasoma bila kuinua uso. Mtihani huu umefutwa. Badala yake kutakuwa na kozi ya miaka mitatu. Watakaopokelewa ni waliofika kidato cha pili, na wasiozidi miaka thelathini na mitano.

Mimi nilikuwa na thelathini na minane.

Mzee mmoja wa Kidodi aliuliza kama tutarudishiwa picha zetu za pasipoti. Saidi alianza kucheka, kile kicheko chake, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Mika, sisi ni nyani wa Mikumi. Kila tukifika kwenye mti, matunda yamekwisha." Mimi nilitaka kucheka naye. Nilirudisha kalamu zangu mbili mfukoni, nikatoka verandani.

Mtu aliyevunja amri namfahamu pia, ni huyohuyo Saidi. Katika ile miezi mitatu alimpasua mtoto wa jirani yake jipu la unyayo, na mtoto akapona, na jina lake halikufutwa, kwa sababu orodha yenyewe ilifutwa. Tulikaa veranda moja, tukapata kitu kimoja, yaani hakuna. Tofauti ni kwamba yeye alirudi Ulaya kwa mtoto anayekimbia.

Baada ya hapo ukaja wakati wa vijiji vya ujamaa, nasi tukahamishiwa hapa. Kamati ya kijiji iliandika barua kuomba nitambuliwe. Barua ikajibiwa kwamba utaratibu unaangaliwa. Unaangaliwa mpaka leo. Unamjua Ndugu Hamisi, mganga kijana wa zahanati aliyeletwa mwaka jana. Ni kijana mwema. Mimi sasa ni mhudumu: nafagia, naandika majina, nachemsha vyombo. Lakini akija mtu wa mguu, Hamisi hufunga mlango na kusema taratibu, "Mzee, njoo unionyeshe." Nasimama nyuma yake, mikono yangu mgongoni, nasema: hapo, teremka kidogo, kata, bado, bado, sasa umefika. Nakisia kwa macho yaleyale. Mgonjwa akipona anamshukuru Hamisi, na ni haki yake, maana yeye ndiye aliyeshika.

Na shangazi yako walimhamisha pia, kutoka pale mpungani kwake hadi kwenye mistari ya nyumba za kijiji. Shamba la pamoja liko mbali, na kwa magongo hawezi kulifikia na kulima. Wakampa kazi ya kuamia ndege. Mwanamke yule! Anakaa juu ya kichuguu na kopo la mawe, anatikisa.

Ulipopata nafasi ya chuo, fomu yako ilifikia mikononi mwangu, si posta iliyochelewa kama nilivyokwambia. Nilikaa nayo siku tisa kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa naogopa. Nikiitazama naona ile veranda, nakuona wewe na kalamu mbili. Nikiwaza kuichana, naona uso wako. Siku ya kumi nikakupa, nikasema imefika leo. Nisamehe na hilo.

Basi Jumapili, baada ya yale maneno yako ya Alhamisi, nilichukua baiskeli nikaenda Ulaya. Nilimkuta shangazi yako nje, anapukuchua kunde kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, akasogeza kigoda kingine kwa gongo lake. Akauliza habari za safari yako. Nikamjibu moja moja mpaka zikaisha. Halafu nikasema:

"Dada, ule mguu. Haikuwa reli."

Hakuacha kupukuchua. "Najua."

"Ningeweza kupasua siku ile ya kwanza."

"Mika, nilikuwa nimelala chumbani, sikuwa kiziwi. Nilimsikia mkeo akikusihi. Nilikusikia na wewe."

"Mbona hujasema miaka yote hii?"

"Ningesema, mguu ungeota?" Akapuliza maganda kwenye ungo. "Nililala pale nikafikiri. Nikasema, shule nilimwachia, na hili nalo nimwachie, basi. Mtu mmoja katika nyumba yetu apate karatasi. Niliposikia umekwenda Morogoro, nilikuwa bado wodini, kidonda kibichi, nikamwambia mgonjwa mwenzangu, leo ndugu yangu yuko mji huuhuu, anafanya mtihani wake."

Sikuweza kumtazama. Tabitha, alikuwa wodini mji uleule, na mimi nikatoka kwenye ile veranda nikapanda gari kurudi nyumbani bila kwenda kumwona, kwa sababu sikujua nitamwambia nini. Nilimwona wiki iliyofuata, nikamwambia mambo yamekwenda, na Saidi nikamsihi asimwambie lolote. Neno lile lile la pilau.

Akauliza, "Cheti umekiweka wapi? Sijawahi kukiona ukutani kwako."

"Dada," nikasema, "mtihani haukufanyika."

"Ulishindwa?"

"Haukufanyika. Tulifika, wakasema umefutwa."

Mikono yake ikasimama. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha asiyoijua, na anasubiri mtu amtafsirie. Kisha akaweka ungo chini, polepole, kunde zisimwagike, akajifunika uso kwa kanga. Alilia, mwanangu. Mtu huyu sikumwona akilia alipomzika mume wake, wala siku alipoamka Morogoro na kulikuta shuka limelala bapa mahali pa mguu. Mimi nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu. Nikamnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho cha kukifanya kile kidonda kiwe na maana.

Nilitaka kumshika bega. Mkono haukwenda. Kuku wakaja wakaanza kudonoa kunde, sikuwafukuza.

Alipomaliza alijifuta uso, akasema, "Tabitha anajua?"

"Hajui."

"Mwambie kabla hajapanda treni. Yote mawili: la mguu na la mtihani. Asiende huko akidhani anafuata nyayo za baba yake."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuyapunguza.

Nimekuwa nikifikiri tangu Jumapili niyafuatishe na neno gani. Mzazi mwenye akili angekuwa na neno hapa. Siwezi kukwambia uvunje amri za wakubwa wako, maana huenda kweli kuna mgonjwa utamuua, na hawatakusamehe. Siwezi kukwambia uzitii, maana sasa unajua nilipotii nini kilitokea. Sijui hata kama ule mtihani wao wa kuwachuja utafanyika, au mtakaa juani mpaka karani atoke. Kama ningekuwa na mtu wa kumwendea huko, ningekwenda kwa miguu. Sina. Sijui ofisi ipi, sijui mlango upi. Nimewafuata watu hawa miaka mingi, na sijawahi kumwona hata mmoja anayebadilisha. Nimewaona wanaosoma waraka tu.

Ninachojua ni kidogo. Nilijua kazi, na kuijua hakukunisaidia siku nilipohitaji kuifanya. Mama yako alinishika mkono na nikauondoa. Na uongo mdogo wa kwanza ulionja pilau, ukakua.

Barua hii nitakupa jioni tukishakula, nami nitatoka nje kidogo ili usome bila kunitazama. Shangazi yako amesema atakuja stesheni kesho. Mwanawe atamleta kwa baiskeli, wameazimia kuondoka Ulaya alfajiri. Ukifika, mwamkie yeye kwanza, kabla ya mtu yeyote. Mimi nitakuwa karibu na mama yako. Kama hutaki kuniaga, panda tu, mwanangu, sitakuita. Nitakuwa nimesimama pale mpaka behewa la mwisho lipite.

Baba yako,
Mika